Nilimtafutia Binti Yangu Mwalimu wa Piano, Sasa Wamemchukua

Admin, naomba unifichie jina, maana hapa Arua tunajuana na wengi wa ukoo wa marehemu mume wangu wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na sita, Muislamu, nauza vitenge sokoni. Nina mtoto mmoja tu, binti wa miaka kumi na moja. Hapa nitamwita Zaitun.

Baba yake alikuwa dereva wa lori, akipeleka mizigo Congo kupitia mpaka wa Vurra. Alikufa kwa ajali. Tangu tulipomzika, Zaitun akashikwa na kigugumizi. Mtoto aliyekuwa anaongea mpaka namwambia apumzike, akawa anashindwa hata kutaja jina lake. Akisimama darasani kusoma, wenzake wanamuiga na kucheka. Mwishowe akawa anajibu kwa kutikisa kichwa tu. Hospitali waliniambia nisubiri, kitaisha chenyewe. Shehe akamsomea dua. Mimi nilikuwa nikienda kulia bafuni ili asinione.

Siku moja tulialikwa harusi Manibe. Wapiga muziki walikuwa bado wanafunga nyaya zao, Zaitun akasogea kwenye kinanda cha umeme, akaanza kubonyeza kidogo kidogo hadi akaupata wimbo wanaoimba shuleni. Kisha akaimba. Maneno yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kukwama hata mara moja! Nilisimama pale na sahani ya pilau mkononi mpaka ikapoa.

Ndiyo nikaanza kutafuta mwalimu. Jamani, nilitafuta! Shuleni kwake wanafundisha ngoma na nyimbo za mashindano tu. Shule moja ya kulipia ilikuwa na mwalimu wa piano, lakini wakasema ni wa watoto wao peke yao. Kijana mmoja anayeuza spika alidai anajua, akaja na kinanda, akabonyeza kitufe kinachofanya kipige muziki chenyewe, akaanza kucheza. Sokoni wenzangu walinicheka: "Piano? Mtoto yako iko mzungu?"

Mwishowe mama mmoja anayeuza samaki akanielekeza kwa Mwalimu Deo, Mkongo wa Aru, ng'ambo ya mpaka, mtu wa makamo anayepiga kinanda katika kanisa moja hapa mjini. Akakubali kumfundisha Zaitun mchana, kwenye ukumbi wa kanisa, milango wazi, mimi nimekaa hapo hapo. Hakumcheka hata siku moja. Alikuwa akiniambia, "Mama, mutoto hii iko na masikio. Usimuharakishe. Neno ikikwama, aimbe kwanza, kisha aseme."

Na ilisaidia. Taratibu Zaitun akaanza kuomba chumvi mezani. Akaanza kubishana na mimi. Siku aliyosoma kitabu mbele ya darasa, mwalimu wake alinipigia simu, na nilichinja kuku kama siku ya Idi.

Habari zikafika Koboko kwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Nyumba tunayokaa ni yake. Akaja amekasirika. "Mutoto ya Muislamu anafanya nini ndani ya kanisa?"

Nikamwambia, "Shemeji, hasali pale. Anajifunza piano tu. Msikilize anavyoongea sasa."

"Mimi hapana kataa aongee. Mimi nakataa kanisa."

Nilimheshimu. Nikanunua kinanda kidogo kilichotumika, Mwalimu Deo akawa anakuja kufundishia barazani, watu wote wanaona. Kumbe hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Majirani wakaanza kunong'ona: mjane anaingiza Mkongo nyumbani. Wallahi hakuna kitu kati yetu. Mke wake yuko Aru, na mimi sijawahi hata kumpa mkono.

Shemeji akarudi na mke wake. Safari hii hakuuliza kitu. Alisema, "Wewe baki na mwalimu yako. Mutoto iko ya sisi." Mke wake akakusanya nguo za Zaitun. Mtoto akawa ananishika gauni, anataka kusema, maneno hayatoki. Nikapiga magoti. Wakampandisha garini, wakaondoka naye.

Mwalimu Deo aliposikia, aliacha kuja. "Mama, unisamehe," aliniambia kwenye simu. "Mimi niko mugeni hapa. Wakinisingizia, hakuna mutu atanisimamia." Siwezi kumlaumu.

Na shemeji si mtu mbaya, msimtukane. Mume wangu alipokufa yeye ndiye aliyesimama na mimi. Nilipomfuata Koboko kumbembeleza, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Tafuta mwalimu mwanamke. Afundishe nyumbani, si kanisa. Ukimpata, mutoto atarudi." Nimeuliza Arua yote, nimeuliza Koboko, nimetuma watu mpaka Omugo. Mwanamke anayefundisha piano hayuko. Wananiambia Kampala wako, lakini Kampala nitaishi kwa nani? Nikienda polisi kudai mtoto wangu, nimevunja undugu na nyumba nimepoteza.

Juma lililopita nilikwenda kumwona. Wanamlisha vizuri, ana nguo mpya, anasoma madrasa. Lakini hasemi tena. Wakati wa kuagana tulibaki wawili uani, akavuta sikio langu karibu na mdomo wake. Alihangaika mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Ma-mama, ni-ni-nilikosa ni-nini?"

Nilimfuta machozi kwa shela yangu, nikapanda boda mpaka stendi, nikarudi Arua peke yangu.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nguvu zimeniishia. Niende polisi au niendelee kumbembeleza shemeji? Na kama kuna dada yeyote upande huu wa West Nile anayejua kufundisha piano, hata kidogo tu, tafadhali amwandikie Admin. Nitamfuata popote alipo.