Mama alitaka chumba cha rangi ya maziwa, nikapaka white

Wakuu, salaam aleikum. Hii sijasimuliwa na mtu, imenitokea mimi mwenyewe hapa Garissa, na mpaka sasa sijatulia.

Baba alifariki. Mama akakaa eda kule Hulugho, na alipomaliza nikamwomba aje tuishi naye mjini. Alikubali shingo upande. Akasema akiona hapamfai, anarudi na gari lilelile.

Nikamuuliza kwa simu, hooyo (yaani mama), chumba chako nipake rangi gani?

"Ya maziwa."

Rahisi, sindio?

Fundi wangu Mutua, mtu wa Mwingi, akapaka viraka viwili ukutani, white na cream. Yeye alitaka cream, kwa sababu alikuwa na makopo yamebaki kazi nyingine.

"Maziwa ni hii, boss."

"Maziwa gani ya njano hivyo? Hiyo ni chai."

Na kusema kweli, kwa jua la huku cream ilionekana kama ukuta umeshapigwa na vumbi. White ilikuwa safi, chumba kikapanuka. Halafu hapa mjini ukisema maziwa ni ya ngamia, na hayo ni meupe pe. Nikamwambia aweke white kuta zote. Mapazia nikanunua meupe, shuka nyeupe. Nilijiona mtoto wa maana.

Mama akafika na dada yangu. Nikafungua mlango natabasamu.

Akasimama hapo mlangoni. Hakuingia.

"Nani amekufa tena?"

Wakuu, hapo ndipo nikakumbuka. Kwetu Wasomali mjane huvaa nyeupe mpaka eda iishe. Mama alikuwa ameivua juzi tu, na mimi mwanawe nimempakia ukutani. Mila hii naijua tangu utotoni, na sikuiunganisha hata kidogo.

Akageuka kurudi kwenye gari. Dada ndiye alimshika mkono akamkalisha sebuleni.

Nikamuuliza, si ulisema maziwa?

"Maziwa ya ng'ombe. Sisi tulifuga ngamia lini?"

Walahi mji umenimaliza.

Mutua alirudi siku hiyohiyo na cream yake, anacheka chini chini. Rangi ilipokauka mama akaingia, akapitisha kiganja ukutani, akakaa kitandani muda mrefu.

"Ng'ombe wa baba yako walitoa hii," akasema. Kisha akaomba begi lake litolewe kwenye gari.

Funzo: mzazi akikuambia maziwa, uliza ni ya mnyama gani kabla hujafungua kopo.

Nyinyi mngepaka gani hapo? Na kuna mwingine amewahi kuharibu hivi, ama ni mimi peke yangu?