Visu Sita vya Mzee Kilo

Watu hudhani nyumba ya muuza nyama imejaa visu mpaka uvunguni. Nyumbani kwa Mzee Kilo palikuwa na visu viwili tu: cha mkewe cha kumenyea vitunguu, na chake mwenyewe, kile chembamba kilichonolewa miaka na miaka mpaka upana wake ukabaki wa kidole kimoja. Hiki cha pili hakikuguswa na mtu. Mezani watu walikula kwa uma peke yake, kwa sababu kazi ya kukata ilikuwa na mwenyewe.

Jina la Kilo alipewa na wateja. Alisimama nyuma ya gogo la bucha yake miaka thelathini na minane, na ukimwambia nipe kilo, alikata mara moja, akatupa kwenye mizani, na mshale ukasimama pale pale. Wageni walidhani mizani imechezewa. Wenyeji waliwacheka, wakawaambia waende wakapime kwingine, na waliokwenda walirudi kimya kimya. Alikuwa na maringo na mkono ule, tusifiche. Hakukosa neno juu ya wauza nyama wenzake: huyu anakata kama anapasua kuni, yule anazifuata nyuzi za nyama badala ya kuzikata, halafu mteja akitafuna mpaka taya likamuuma, lawama anapewa ng'ombe.

Jumapili maringo hayo yalihamia mezani. Mkewe alikaanga mapande makubwa ya sarara, akayaleta mazima kwenye sinia, na Kilo akasimama, maana hakuwahi kukata nyama akiwa amekaa. Alimkatia kila mtu bila kuuliza. Binti yake, mwalimu, alipenda ukingo wenye mafuta. Mwanawe wa kiume alipenda palipoiva sana, na mkwewe, mume wa mwalimu, vipande vyembamba. Mjukuu wake wa kike, mtoto wao wa miaka minane, alikatiwa vidogo vidogo, na kimoja lazima kiwe na umbo la nyumba yenye paa. Mkewe alikatiwa mwisho, pale katikati palipo laini kuliko kote. Hilo ndilo lilikuwa neno la mapenzi ambalo mzee yule hakuwahi kulitoa mdomoni.

Kisha kiharusi kikampiga asubuhi moja akiwa gogoni, mteja akiwa amesimama na mfuko wake mkononi. Mdomo ulirudi baada ya miezi miwili. Mguu ulirudi nusu. Mkono wa kulia haukurudi. Ulining'inia pembeni yake, ukivalishwa shati kama mtoto mchanga, na haukusikia moto wala baridi. Bucha akaishika mwanawe, akaweka msumeno wa umeme, na Kilo akaapa kutokanyaga tena mahali panaponguruma namna ile.

Jumapili ya kwanza ya kukaa mezani tena, mkewe alikichukua kile kisu chembamba na kujaribu. Maskini, mikono yake ilijua kukanda, kufua na kulea, kukata haikufundishwa. Nyama ikachanika. Vipande vikatoka na ndevu pembeni, kimoja kikubwa, kingine kama ukucha.

"Mbona tamu tu, mama," alisema mwalimu, kwa sauti ile ambayo walimu humsifia nayo mtoto aliyechora ng'ombe wa miguu mitano.

Kilo alitazama sahani yake na aibu ikampanda mpaka masikioni, kana kwamba ni yeye aliyekosea.

"Tununue visu vya mezani, vile vya nyama," mkwewe alisema kwa nia njema kabisa. "Kila mtu akate chake, mama apumzike."

Uma zote zikasimama. Hata mjukuu alijua limeguswa jambo lisiloguswa.

"Sawa," Kilo alisema. "Lakini nitavichagua mimi."

Maana alikuwa ameshapiga hesabu yake. Kama mkono wake hauwezi tena kuwakatia watu wake, basi wakate kwa visu alivyovijua yeye, na nyama ilale sahanini kama alivyoizoea. Hicho tu ndicho alichokuwa amebakiwa nacho pale mezani. Kikimponyoka nacho, atakuwa mzee wa kulishwa.

Siku mbili baadaye aliingia duka la vyombo akiegemea fimbo, mkewe nyuma yake. Muuzaji alikuwa msichana mchangamfu, akamwamkia shikamoo na kumfunulia boksi la kwanza.

"Hivi ndivyo vinavyoondoka sana, mzee. Vina meno. Havihitaji kunolewa maisha yake yote."

"Binti, kisu kisichonolewa ni bati," Kilo alisema. "Na hicho hakikati, kinatafuna. Meno yangu yapo mdomoni, yaliyobaki. Ya nini mengine kwenye kisu?"

Msichana akacheka, akaleta vingine. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu augue, mkewe alimwona mumewe yule wa zamani. Aliviweka kimoja kimoja juu ya kidole cha mkono wa kushoto, pale chuma kinapokutana na mpini, aone kama kinalala sawa au kinaangukia upande. Aligeuza vipini kuangalia kama chuma kimepita mpaka mwisho au kimechomekwa kidogo tu kama jino la kubandika. Vyenye mpini wa plastiki alivisukuma kando: ukiwa na mafuta mkononi, alisema, hicho kinakukimbia. Vyembamba mno alivikataa kwa sababu vinapinda. Vizito mno akasema ni vya kujionyesha kwa wageni.

Mwishoni akabaki na boksi moja. Vilikuwa visu sita vya mpini wa mti mwekundu, vimefungwa kwa misumari mitatu ya shaba, makali yake laini mwanzo hadi mwisho, bila jino hata moja.

"Shika," alimwambia mkewe.

"Mimi tena?"

"Wewe ndiye utakayekishika zaidi."

Mkewe akashika. Kipini kikaenea kiganjani mwake kana kwamba alipimiwa. Kilo akaitikia kwa kichwa, akakichukua, na hapo akafanya jambo alilofanya kwa kila kisu tangu ujana wake. Alikilaza makali juu, akaunyanyua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na kupitisha dole gumba la kulia juu ya makali, kuyasikiliza. Hakusikia kitu. Akarudia, akikandamiza kidogo. Akakunja uso, karibu aseme hakina makali.

"Mzee, unatoka damu!" msichana alisema.

Damu ilikuwa imeshalowesha kitambaa laini kilichotandikwa ndani ya boksi. Kilo alilitazama lile dole kama la mtu mwingine aliyekaa karibu naye. Mkewe alikuwa ameshavua kilemba chake na kulifunga.

"Basi kina makali," Kilo alisema. "Tufungie."

Msichana alifunga, lakini alikuwa muuzaji mwaminifu, haki yake tumpe. "Mzee, haya makali laini yakigusa sahani ya udongo kila wiki yanakufa haraka. Yanataka kunolewa mara kwa mara. Nyumbani yupo wa kunoa?"

Mkewe aliangalia sakafu.

"Nipo," Kilo alisema.

Jumapili ile meza ilikuwa na raha iliyosahaulika. Visu viliteleza kwenye nyama bila kelele, vikagusa sahani kidogo tu, ti, basi. Mkewe alikata chake, kisha akavuta sahani ya mumewe na kumkatia, na vipande vikatoka safi, kingo zimenyooka, kama vilivyokuwa vikitoka zamani kwenye kile kisu chembamba. Kilo alivitazama mpaka macho yakamlowa, akasingizia pilipili.

"Baba, kama siagi!" alisema mwalimu, na safari hii sauti yake ilikuwa ya kweli.

Kilo akajaa maneno siku hiyo. Aliwaeleza jinsi ya kuzitafuta nyuzi, na jinsi ya kuvuta kisu badala ya kukikandamiza. Mjukuu akajikatia nyumba yake mwenyewe na kumwonyesha paa. Kilo alicheka, akaisifu, lakini moyoni kitu kikamchoma, maana ile kazi nayo ilikuwa imekwenda.

Jumapili ya tatu sauti ilibadilika. Wengine hawakusikia, ila yeye alisikia kama fundi cherehani anavyosikia sindano iliyopinda. Visu vilianza kusukuma nyama kabla ya kuikata. Ya tano, sahani zilikuwa zikilia.

Jumatano, mkewe alipotoka, Kilo alitoa jiwe lake la kunolea. Aliliweka mezani juu ya kitambaa kibichi, akaulaza juu yake mkono wa kulia ulishikilie, akachukua kisu kwa kushoto. Pembe ya kunolea aliijua, angeweza kukueleza usingizini. Mkono wa kushoto haukuijua. Kisu kilipanda na kushuka, jiwe likateleza chini ya ule mkono uliokufa, likaanguka na kumegeka. Alipokiinua kisu dirishani kukitazama, makali yalikuwa yamekatikakatika. Akakaa. Mtu aliyewacheka wauza nyama wote wa mjini alikaa mbele ya kisu cha mezani akalia, kwa sauti, kwa kuwa nyumba ilikuwa tupu. Baadaye akafuta meza na kurudisha kila kitu mahali pake.

Alikuwa na njia nyingine, usidhani hakuwa nayo. Mwanawe alimwambia mara mbili: "Baba, nipe nivipeleke bucha, nivipitishe kwenye mashine, dakika tano tu." Kilo akajibu kwamba mashine itavichoma, chuma kitalegea. Ilikuwa kweli. Lakini kweli kubwa zaidi hakuisema: alikuwa ametamka dukani kwamba yupo, na akivitoa visu vile vinolewe na mwingine, basi hayupo.

Jumapili ya saba watu walikata kwa nguvu za mabega, huku wakisifia.

"Vinakata, baba," alisema mwanawe, jasho likimtoka puani.

"Babu, changu hakikati," alisema mjukuu.

"Kula!" mama yake akamkemea.

Nyama kwenye sahani ya Kilo ilikuwa imechanika, na ndevu pembeni. Alikula yote.

Jumapili iliyofuata meza iliandaliwa mapema kuliko kawaida. Visu sita vilikuwa mahali pake, vipini vya mti mwekundu, misumari mitatu ya shaba. Mkewe alileta sinia, akaketi, na hakumtazama.

Wakaanza kukata. Na Kilo akasikia.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Yalikuwa meno. Madogo, yaliyotengenezwa kwa ustadi, ila meno. Alitazama mkono wa binti yake, kisha wa mwanawe, wa mkwewe. Mpini ule ule na shaba ile ile. Akashika kisu kilichowekwa mbele yake, akakigeuza kwenye mwanga, na chake kilikuwa laini, butu kama mgongo wa kijiko. Walikuwa wamemwachia kimoja cha zamani, kwa kuwa walijua atakachogeuza ni chake tu, na kwamba chake hakikati kitu, maana yeye hukatiwa.

Akaelewa yote. Akamwona mkewe akienda kule dukani peke yake, kisu kimoja kimefichwa kwenye mfuko ili kulinganisha mpini, akimwuliza yule msichana kama vipo vya namna hii, lakini vya meno. Akawaona wanawe wakinong'onezana bucha, wakikubaliana nani aseme nini. Mwanamke ambaye hakuwahi kumdanganya hata juu ya chumvi iliyozidi alikuwa amefanya yote hayo kwa ajili yake.

"Babu, leo kinakata!" mjukuu alisema, na kwa hakika yeye peke yake hakuambiwa lolote.

"Kweli, baba," mwalimu akadakia haraka. "Umevinoa lini?"

Sauti yake ilikuwa ile ile ya ng'ombe wa miguu mitano, na macho yake yalimwomba. Mwanawe alikuwa ameganda na uma hewani. Kilo aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa na neno moja mdomoni, neno la kweli la miaka thelathini na minane, na lingewamaliza wote pale pale.

"Juzi," alisema. "Nilivipitisha kwenye jiwe kidogo. Mkono unaanza kurudi rudi."

Mwanawe akashusha pumzi. Mkwewe akasema, "Mungu mkubwa." Mkewe, bila kuinua macho, akavuta sahani ya mumewe na kuanza kumkatia, kwaru, kwaru, polepole, kama anayejaribu kupunguza sauti. Akamrudishia. Vipande vilikuwa na ndevu pande zote.

Kilo alichoma kimoja kwa uma, kwa mkono wa kushoto, akatafuna mpaka mwisho.

"Tamu tu," alisema.

Mkewe akainuka kwenda jikoni kuchukua chumvi, na chumvi ilikuwa mezani.