Kurasa za Kimanchu Ambazo Hazikusomwa

Jirani wa binti yangu kule Pearland, kando ya Houston, alikuwa anapofuka, na kabla giza halijamfikia alitaka aone hadithi za mama yake zimekuwa kitabu. Hakutaka zaidi ya hapo. Alikuwa mjane wa umri wangu au kunizidi kidogo, mzaliwa wa mbali sana magharibi ya Uchina, katika watu ambao mpaka leo huandika kwa herufi za Kimanchu. Tangu ahamie Texas, kila alipokumbuka hadithi aliyosimuliwa utotoni aliiandika kwa kalamu kwenye karatasi ndefu. Hadithi zilikuwa zimefika zaidi ya kumi. Wanawe walikuwa wametawanyika katika miji mingine, na hakuna aliyeweza kusoma hata mstari mmoja.

Mimi nilikuwa mpangaji chapa. Nilifundishwa kazi hiyo nikiwa kijana, katika kiwanda cha uchapaji cha kanisa letu Kenya, wakati herufi zilikuwa bado vipande vya madini ya risasi unavyovishika kwa vidole. Nilimalizia utumishi wangu kwenye kompyuta, kama wenzangu wote. Nilipostaafu watoto wakanileta huku Texas, na sasa naishi kwa zamu: miezi kadhaa kwa kijana wangu Irving, karibu na uwanja wa ndege, na miezi kadhaa kwa binti yangu, ambaye ni muuguzi katika hospitali moja ya Houston. Nimebarikiwa. Sikosi chakula, sikosi dawa, na Jumapili sikosi kanisa lenye nyimbo ninazozijua. Nayasema haya mapema ili nitakayoyasema baadaye yasionekane ni ya mtu asiye na shukrani.

Binti yangu alimtajia jirani kazi niliyofanya. Kesho yake asubuhi yule mama akaja na fungu la mboga kutoka bustani yake na zile karatasi kwapani. Alikuwa amelishika neno "guka", yaani babu, kutoka kwa wajukuu wangu, naye akaniita hivyo. Mimi nilimwita Mama. Tulizungumza Kiingereza, changu cha shule ya misheni na chake cha dukani, na tulielewana vizuri kuliko ninavyoelewana na wajukuu.

"Guka, utaweza?"

Nilizitazama karatasi. Maneno yalishuka kutoka juu kwenda chini, kila neno kama uti wa mgongo wenye meno na vitanzi ubavuni, mstari wa kwanza ukiwa kushoto na mingine ikifuata kuelekea kulia. Sikuijua herufi hata moja.

"Kwa neema ya Mungu nitajaribu."

"Mungu ana kompyuta?"

"Ana mimi."

Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

Kijana wangu ndiye aliyenitafutia programu. Si ile ambayo unaandika na ukurasa unauona papo hapo. Katika hii unaandika maneno pamoja na maagizo, unaiamuru ifanye kazi, kisha unasubiri uone imekuelewa vipi. Mtu fulani, mahali fulani duniani, alikuwa amechora herufi za Kimanchu na kuifundisha programu namna ya kuziunganisha, nami nilimwombea mtu huyo baraka bila kumjua. Unaandika kwa herufi zetu za kawaida, na programu yenyewe inazigeuza, kwa maana kila herufi ina umbo lake mwanzoni mwa neno, jingine katikati, na jingine mwishoni. Mpaka hapo sikuona tabu. Tabu ilikuwa kuyasimamisha. Programu hizi zimezaliwa zikijua mistari iliyolala tu. Ukitaka isimame, unaipanga ikiwa imelala, halafu unaugeuza ukurasa mzima.

Ukurasa wangu wa kwanza ulitoka umelala. Yule mama akaushika kwenye mwanga wa dirisha.

"Mbona umeyalaza? Yanaumwa? Mwite binti yako aje na sindano."

"Yatasimama, Mama. Nivumilie."

Yaliposimama, mstari wa kwanza ulikuwa upande wa kulia, kama Wachina wanavyopanga vitabu vyao vya zamani. Akatikisa kichwa. "Sasa yamesimama, lakini yananipa kisogo. Hapa mtoto anazikwa kabla hajazaliwa."

Nilirudi kwenye maagizo, nikageuza hiki, nikageuza kile, programu ikanijibu kwa makosa marefu nisiyoyaelewa. Siku ukurasa ulipotoka sawasawa, mistari ikitembea kutoka kushoto kwenda kulia, niliupeleka kwake nikiwa bado na ndara za ndani. Aliusoma kwa sauti akiwa amesimama mlangoni. Sikuelewa neno, lakini niliisikia sauti yake ikibadilika na kuwa ya mtu mdogo zaidi. Alipofika chini ya mstari wa mwisho alisema, "Hivi ndivyo mama yangu alivyokuwa akinyamaza hapa." Nikamshukuru Mungu palepale kwenye baraza.

Ingekuwa habari hii yetu inaishia hapo, ningeisimulia kwa furaha.

Kule kiwandani tulikuwa na sheria. Prufu, ile karatasi ya majaribio, ikirudi na kosa, hata liwe la herufi moja, unalirekebisha, kisha ukurasa unasomwa upya wote tangu neno la kwanza. Kwa herufi za risasi hiyo ilikuwa busara, kwa sababu ukiuinua mstari mmoja unaweza kuangusha herufi ya mstari wa jirani, na usijue mpaka Biblia imeshafungwa jalada. Nilifundishwa sheria hiyo pamoja na sala. Kwangu zilikuwa kitu kimoja.

Na makosa yalikuwa mengi. Katika Kimanchu, herufi kadhaa katikati ya neno ni jino tu, na zinatofautiana kwa nukta au kiduara kilichowekwa kando. Yule mama aliandika kwa haraka ya mtu anayekumbuka, nukta nyingine aliziweka na nyingine hakuziweka, kwa kuwa yeye alilijua neno. Mimi niliyenakili kwa kulinganisha maumbo na chati sikuweza kujua. Ilibidi asome yeye. Basi nilimletea ukurasa, akasahihisha, nikarekebisha, nikaurudisha, nikamwomba ausome wote tena tangu juu. Akapata kosa jingine, nikaurudisha tena. Hakulalamika. Alipenda kuzisoma zile za mwanzo, nami nilipenda kumsikiliza. Tulifanya hivyo kwa hadithi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na msimu wa baridi ukapita na joto la Houston likarudi.

Ugonjwa wake unakula katikati ya jicho na kuacha pembeni. Alikuwa akipelekwa kliniki kudungwa sindano ndani ya jicho, na binti yangu ndiye aliyempeleka siku asizokuwa kazini. Siku moja alitoka huko akaniambia, "Guka, nikikutazama naona masikio tu. Bahati ni makubwa."

Jioni hiyo binti yangu alikuwa akikata sukuma wiki jikoni. Aliniuliza bila kugeuka, "Baba, kwani ukurasa ukiwa umeshakuwa sawa, ukabadilisha neno moja, kwa nini anasoma wote tena?"

"Ndivyo inavyofanywa."

"Kwenye kompyuta yale maneno mengine yanasonga?"

"Hayasongi. Pengine mstari unahama. Maneno hayabadiliki."

Akaacha kukata. "Baba. Yale macho yana maneno machache tu yaliyobaki ndani yake."

Hakunilaumu, na hakusema tena. Lakini nilikaa kwenye kiti changu nikaona kilichofanyika. Macho ya yule mama tulikuwa tumeyatumia kusoma mara nyingi kurasa zilizokuwa tayari safi, na hadithi zilizobaki, nyingi kuliko zile zilizosomwa, zilikuwa bado hazijaguswa.

Tukaanza kukimbia. Niliziingiza hadithi zilizobaki zote kwenye kompyuta kwa kulinganisha maumbo, nikikisia pale pasipo na nukta. Niliziongeza herufi ukubwa ili aweze kusoma kwa pembeni ya jicho. Mwanzo mistari mitano katika ukurasa, kisha mitatu, kisha neno moja peke yake, refu kama mkono. Aliinamisha kichwa upande kama kuku anayetazama punje. Alipata neno, akaliacha, akapata jingine, na hadithi haikuwa hadithi tena. Asubuhi moja alisoma neno, nikaweka karatasi nyingine mbele yake.

"Umeweka?" akauliza.

"Nimeweka, Mama."

"Haya." Akaitandaza mikono yake juu ya ile karatasi, akaipapasa kama anayenyoosha shuka. "Haya basi."

Niliporudi Irving kwa zamu yangu, kijana wangu alituma kurasa chache kwa mwalimu wa chuo kikuu anayesoma Kimanchu. Mwalimu huyo alijibu kwa heshima kubwa. Alisema yeye anasoma vitabu vya zamani vya serikali ya wafalme, bali huyu mama ameandika maneno jinsi yalivyotamkwa nyumbani kwao, na mengi hawezi kuyathibitisha. Kuhusu ndugu waliobaki kule alikozaliwa, yule mama alisema wa rika lake wamekwisha, na vijana wanaandika Kichina.

Nikabakiwa na njia moja, nayo ni ya zamani kuliko zote. Kiwandani kwetu prufu ilisomwa na watu wawili: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafuatisha. Kwa vile kwenye kompyuta maneno yalikuwa kwa herufi zetu, ningeweza kumsomea. Nilipanda basi hadi Houston nikiwa na tumaini lote lililonibakia. Tuliketi sebuleni kwake, mlango wa bustani ukiwa wazi. Nilisoma polepole, kila silabi, kama ninavyosoma Zaburi kanisani.

Alisikiliza kwa adabu. Halafu mdomo wake ukaanza kutetemeka, nikafikiri analia, kumbe anacheka.

"Guka, hiyo ni lugha gani?"

"Ni yako, Mama. Nasoma kama ilivyoandikwa."

"Tunaandika hivyo. Hatusemi hivyo. Tunapoandika tunavaa suti, tunaposema tunavua." Akajifuta macho. "Soma tena."

Nikasoma tena. Alishika neno moja, akaruka mawili, akashika la "farasi", akafurahi, kisha akapotea. Nilirudia mstari mpaka koo likakauka. Akajaribu kuisimulia hadithi yeye mwenyewe ili nifuatishe kwa kidole, lakini alisimulia kwa mdomo wa nyumbani, upesi, na maneno aliyoyatamka hayakufanana na yaliyokuwa mbele yangu. Mimi nilikuwa na karatasi, yeye alikuwa na sauti, na hakuna aliyeweza kuvuka kwenda kwa mwenzake. Mwisho aliacha kusimulia. Na kicheko kilikuwa kimeisha.

"Chapisha zile nne nilizozisoma," akasema.

"Na nyingine?"

"Ziache."

"Mama, zimepangwa. Nzuri kabisa. Pengine makosa ni machache."

"Unajua ni machache?"

Nilizipanga upya karatasi zilizokuwa magotini.

"Unajua yako wapi?"

"Sijui, Mama."

"Mama yangu hakusema ovyo hata siku moja. Alikuwa mkali, angekupiga kwa mwiko. Sitaki aanze kusema ovyo akiwa amekufa, na mimi siwezi kumsahihisha."

Nilimwambia hadithi zitapotea. Akaniambia anajua, na kwamba niache kumwambia mambo anayoyajua.

Kwa hiyo nilichapisha nne. Kijana wangu alizipeleka kwenye duka la uchapaji la huko Irving, na kitabu kikatoka chembamba, mgongo wake hautoshi kuandikwa jina. Nilimpelekea. Alikifungua upande wa kushoto, sahihi, akaweka kiganja kwenye ukurasa wa kwanza, akauliza kama mistari imenyooka. Nikamwambia imenyooka. Nilisema kweli. Akasema ahsante, akakifunga, akaniuliza kama mboga zake zimeshanyauka kwa jua, kwa sababu yeye hawezi tena kuona.

Zile nyingine zote ninazo kwenye kompyuta. Nyakati nyingine mchana, watoto wakiwa shuleni, nazifungua. Maneno yamesimama, yameungana vizuri, hakuna jino lililokatika wala kitanzi kilichogusa jirani yake. Katika maisha yangu yote sijapanga kurasa nzuri kama hizo. Na hakuna mtu chini ya jua awezaye kuniambia zinasema nini, au kama zinasema kitu.

Nimefundishwa kuamini kwamba hakuna kinachopotea mbele za Mungu. Naamini. Lakini yule mama hakuwa akiomba hadithi zihifadhiwe mbinguni. Alitaka kuziona kwenye meza yake, na alikuwa na macho ya kutosha kuziona, na tukayatumia vingine.

Jumapili baada ya kumpelekea kitabu, ibada ilipokwisha, tulikaa mezani kwa binti yangu na akaniomba nitoe shukrani, kama ilivyo desturi, mimi nikiwa mkubwa. Nilishukuru kwa chakula na kwa waliokipika. Nilishukuru kwa kazi ya binti yangu na kwa usalama wa barabara kati ya Houston na Irving. Nilishukuru kwa afya ya wajukuu, mmoja mmoja. Kisha nikafika kwa jirani. Nilitaka kushukuru kwa ajili ya hadithi nne. Nikafungua kinywa, na neno halikuja. Nikasubiri. Wajukuu walifumbua macho wakatazamana. Niliusikia wali ukipoa. Binti yangu aliweka mkono wake juu ya wangu, akasema "Amina" kwa niaba yangu, na akaanza kupakua.