Lengelenge la Unyayoni

Mwaka ule nguruwe pori walitumalizia mtama shambani, tukala uyoga asubuhi, uyoga jioni, na ugali wa mihogo mchungu hadi kisogoni. Namba ya mwaka siijui, shule nilikaa miezi michache tu. Treni ilikuwa imeshaanza kufika Mpanda, na mume wangu alikuwa huko mgodini. Mimi nilibaki kwao Mwese na mama mkwe, na mwanangu wa kwanza, hajaanza hata kutembea.

Malengelenge yalimwanzia chini ya pua. Lengelenge moja, nikadhani mdudu. Kesho yake mdomoni, kwapani, tumboni, yamejaa maji ya njano, utasema mtoto kamwagiwa uji wa moto. Ukigusa yanapasuka, ngozi inabambuka kama ganda la kitunguu, chini nyama nyekundu inalowa. Mwili unawaka. Nilimbeba mgongoni, nilipomshusha ngozi yake ikabaki kwenye nguo yangu.

Mama mkwe akasema neno moja: "Ndui."

Kwetu mwenye ndui alihamishiwa kibandani, ng'ambo ya kijito, akaangaliwa na mtu aliyewahi kuugua akapona, maana ndui haimrudii mtu. Mwangalizi wetu alikuwa bibi mmoja mwenye uso wa mashimo. Mwezi ule alikuwa na wagonjwa wawili kule.

"Mlete mtoto, binti," mama mkwe alisema. "Mimi nilizika watatu kwa kuchelewa siku moja."

Nikamwambia: "Simtoi, mama. Mkimtaka, ichomeni nyumba na mimi nikiwemo."

"Mdomo mkubwa kuliko chungu!" akasema, akaenda kumwita yule bibi.

Bibi alikuja ameoga kijitoni, nguo bado zinachuruzika. Alipoinama mlangoni, mkojo ulinitoka. Siwafichi. Hakumtazama mtoto usoni. Alishika viganja, kisha nyayo, akazigeuzageuza kama mtu anayenunua kuku.

"Ndui haisahau nyayo, na hizi ni safi," alisema. "Na lengelenge lake ni gumu, kama choroko chini ya ngozi. Haya ni maji tu. Huyu mkinipelekea kule, ndui ataikuta kwangu."

"Una hakika, dada?" mama mkwe akauliza.

"Kwani uso huu niliununua sokoni?"

Alisema kweli. Mtoto yule leo ana wajukuu, na ngozi yake haina kovu hata moja, njooni mumwone. Baba yake alikuja kutuchukua, sindano za Mpanda zikamponya. Lakini hayo ni ya baadaye. Sikuyajua asubuhi iliyofuata, nilipomfunua mtoto nikakuta lengelenge jipya. Unyayoni.

Laini au gumu? Nilibonyeza, nikabonyeza tena, nikashindwa kujua. Bibi alikuwa amesharudi kwa wagonjwa wake. Nikaufunga mguu kwa kitambaa. Kama ni ndui, nawaua watoto wote wa boma lile. Kama si ndui nami nikamtoa, nimemuua wangu.

Mama mkwe akasimama mlangoni.

"Mguu umeufungia nini? Fungua nione."

Sikufungua. Nilimkumbatia mtoto, moto wake ukaingia kifuani mwangu. Mama mkwe akakiangalia kile kitambaa kwa muda mrefu.

"Mlete, mwanangu," akasema taratibu. Hajawahi kuniita mwanangu. Nikaogopa kuliko matusi yake yote.

"Simtoi, mama. Mkimtaka, ichomeni nyumba na mimi nikiwemo."