Dokta Kabla ya Chuo

Mpango wa asubuhi ile ulikuwa wa dada yangu. Mimi mipango sina. Nikiamka navaa viatu, na viatu vikishafika barabarani ndiyo tunajadiliana. Lakini dada alikuwa na supu jikoni na wateja wamekaa kwenye mabenchi, kwa hiyo akanikabidhi binti yake.

"Mpeleke steshenari akajaze maombi ya chuo. Dirisha linafungwa Ijumaa. Na usimpitishe pengine."

Binti mwenyewe, mpwa wangu, alikuwa amemaliza kidato cha sita. Alisoma fizikia, kemia na baiolojia, akafaulu vizuri. Mimi niliacha shule kidato cha pili. Mwalimu alikuwa anachora injini ya lori ubaoni, na nje, ng'ambo ya uzio, kulikuwa na lori bovu na watu wamelala chini yake wanalitengeneza. Nikatoka kwenda kutazama. Mpaka leo bado natazama. Nimepakia mizigo Kurasini, nimebeba ngozi machinjioni Vingunguti, nimepaka rangi nyumba Kinondoni, nimelinda bustani ya miche Bunju, na kila nilipochoka nilirudi Mbagala, kwenye chumba cha nyuma kwa dada.

Dada anauza supu ya utumbo. Ndiyo iliyomsomesha mtoto, na alikuwa ameshaamua inamsomeshea nini. Tangu mtoto yuko kidato cha kwanza, dada alimwita Dokta. Mtaa ukalipokea hilo jina kama lilivyo. Watu walikuja kunywa supu, wakikuta Dokta anaosha vyombo wanamwonyesha majipu.

"Dokta, hili la kukamua au la kuacha?"

"Mama, mie niko kidato cha tatu."

"Ndiyo, lakini unaonaje?"

Hivyo asubuhi ile alikuwa anakwenda kujaza kitu ambacho Mbagala nzima ilishakijaza zamani.

Steshenari ilikuwa imejaa vijana wenye bahasha. Jamaa wa kompyuta hakuinua macho.

"Kombi?"

"PCB," akasema mpwa wangu.

"Rahisi. Udaktari, ufamasia, uuguzi, maabara. Wote nawajazia hivyo."

"Na yeye anataka nini?" nikauliza.

Sasa akainua macho. "Braza, nimekwambia ana PCB."

Kabla hajagusa kitu, ukurasa ukaganda. Akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Mfumo ulikuwa umezidiwa. Nchi nzima ilikuwa inajaza. Akatuambia turudi mchana au kesho. Vijana wakaguna na kukaa chini. Sisi tukatoka nje, tukasimama pale penye muuza mihogo. Mpango wa dada ulikuwa umekwisha, na jua lilikuwa bado la asubuhi.

"Dokta," nikamwambia, "hivi wewe unautaka huo udaktari?"

Akaangalia mihogo. "Sijui, mjomba. Sijawahi kuulizwa."

Akanieleza kitu ambacho hakumwambia mama yake. Bibi alipolazwa, yeye ndiye aliyekuwa anampelekea uji. Damu haikumtisha, sindano haikumtisha. Kilichomshinda ni ndugu waliokuwa wanasubiri pale korido, na daktari anatoka anawatafutia maneno. Alisema kila alipomwona daktari anafungua mlango, alikuwa anachukua chupa ya uji na kutoka nje.

"Nikawaza, hii ndiyo itakuwa kazi yangu kila siku. Sasa mama keshawaambia watu wote."

Huyo ndiye aliyekuwa anapelekwa miaka mitano chuoni. Mimi sijui vyuo, lakini najua kazi, maana nimezichungulia nyingi. Nikamwambia twende tukaulize watu siku zao zinakwendaje. Akasema mama alikataza tusipite pengine. Nikamwambia mama alikataza tulipokuwa tunakwenda steshenari, sasa tumeshatoka.

Tulianzia duka la dawa, kwa mfamasia ambaye niliwahi kumpakia rangi duka lake. Mpwa wangu akamwamkia na kumuuliza afanyacho kutwa. Mfamasia yule akasema anapenda hesabu za vipimo, anapenda utulivu, na anapenda kwamba mgonjwa yuko ng'ambo ya kioo. Akamwonyesha makabati, akamweleza dawa zipi haziwekwi pamoja na kwa nini. Ilikuwa kazi nzuri ya mtu makini. Mpwa wangu alisikiliza kwa adabu zote, na tulipotoka akapiga mwayo ambao nadhani ulionekana mpaka Temeke Mwisho.

Kutoka hapo tukapanda mwendokasi mpaka Kurasini, kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini ambaye niliwahi kumshushia makontena. Huyo ana shahada ya misitu, nikamwambia mpwa wangu njiani. Tulimkuta amesimama kati ya malori, simu kila sikio.

"Misitu, kaka?" mpwa wangu akauliza. "Ilikuwaje?"

"Rafiki yangu alitaka misitu, mie nikataka kukaa naye chumba kimoja. Tukajaza sawasawa. Tumefika chuo, mwezi haujaisha mwenzangu kahamia uhasibu." Akacheka mwenyewe. "Mie nikabaki na miti. Siku hizi nikiiona ni mbao, imo kwenye kontena, naitoa."

"Ulijuta?"

"Mie napenda kelele. Msituni kumetulia mno. Lakini ningejua napenda kelele kabla sijajaza, si ningesoma mambo ya bandari? Wewe unapenda nini?"

Mpwa wangu akapisha lori lililokuwa linarudi nyuma. Akasema, "Napenda kujua kitu kimeharibika wapi."

"Basi kuwa fundi," akasema jamaa, akarudi kwenye simu.

Lilikuwa jibu la haraka, lakini mimi liliniingia. Nilimkumbuka mtoto huyu akiwa mdogo, amechuchumaa karibu na beseni la mama yake. Wenzake walikuwa wanakimbia ile harufu. Yeye alikuwa anageuza utumbo na vipande vya maini, anauliza kwa nini hiki kina matundu, kwa nini hiki kigumu, ng'ombe huyu alikula nini. Dada alikuwa anamfukuza: "Ondoka hapa, kasome." Akaondoka, akasoma. Hakuna mtu aliyeona kwamba alikuwa anasoma pale pale kwenye beseni.

Nikamwambia tunakwenda Vingunguti.

Mlinzi wa machinjioni ananifahamu. "Wewe tena?"

"Mie tena. Huyu mpwa wangu, anatafuta kozi."

"Ya kuchinja?"

"Ya kuangalia."

Akaenda kuuliza ndani, akarudi na makoti meupe mawili na gambuti. Kuchinja mbuzi kulikuwa bado kunaendelea. Alikuwepo daktari wa mifugo, mama wa makamo, koti jeupe, kisu kidogo mkononi, anapita kwenye mizoga iliyoning'inia. Wauzaji walikuwa wamesimama pembeni, watu wenye sauti zao, wanaume wenye mikono kama magogo. Alipopita walinyamaza. Alikuwa anapasua ini mahali pamoja, anaminya, anatazama, anasogea. Nyama isiyo na mhuri wake haitoki pale.

Mpwa wangu alisahau kuamkia. "Kwa nini unapasua hapo na sio pale?"

Nikamkanyaga mguu. "Shikamoo, mama," akasema haraka.

"Marahaba. Sogea." Daktari akamwonyesha mirija ya ini, mahali minyoo bapa inapopenda kujificha. Akamwonyesha tezi, akamwambia ashike ya huyu mzima, halafu ashike ya yule pale, aseme tofauti. Mpwa wangu akashika. Sikumwona akikunja uso. Alikuwa ameinama, shingo imetoka mbele, kama wale watu chini ya lori langu.

"Hii imevimba."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kuna kitu mwili ulikuwa unapigana nacho. Wewe ungekitafuta wapi?"

Daktari akashusha kisu. "Umesoma kombi gani?"

Nadhani walizungumza mpaka mimi nikachoka kusimama. Mama yule hakumpamba. Alimwambia ni miaka mitano Morogoro, na masomo yake yana kukariri kwingi kuliko anavyofikiri, maana mgonjwa si wa aina moja: kuku ana yake, ng'ombe ana yake, mbwa ana yake. Alimwambia kuna kuitwa kijijini ng'ombe ameshindwa kuzaa na mvua inanyesha, na kuna kuandika ripoti mpaka mgongo unauma. Akamwambia pia asichague kwa sababu ya siku moja.

"Leo umeona ini. Nenda nyumbani, soma kozi yote mwanzo mpaka mwisho, masomo ya kila mwaka. Ukiona mengi yanakuvuta, weka namba moja. Ukiona ni ini tu, kuna afya ya mazingira, kuna sayansi ya chakula, nazo uzisome. Ila namba moja weka ile ambayo ungeisoma hata kama hakuna atakayekuita dokta."

Mpwa wangu akacheka kwa aibu. Hakumwambia kwamba alishaitwa.

Jioni tulirudi Mbagala tunanuka. Dada alitunusa kabla hajatuona.

"Steshenari gani hiyo?"

Mpwa wangu akasema yote, amesimama, mikono nyuma. Dada aliendelea kusugua sufuria. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Nimeosha utumbo miaka yote hii ili wewe utoke kwenye utumbo. Leo unaniambia unarudi kwenye utumbo."

"Sirudi kuuosha, mama. Nakwenda kujua nini kimo ndani."

"Watu nimewaambia daktari."

"Nitakuwa daktari."

"Wa mbuzi."

Hapo nikataka kusaidia. "Dada, hata mbuzi..."

"Wewe nyamaza. Nilikwambia usimpitishe pengine."

Usiku huo dada alifunika sufuria akaenda kulala. Mpwa wangu alikaa na simu yangu, anasoma masomo ya mwaka wa kwanza, wa pili, anarudi nyuma, anajiuliza mwenyewe na kujijibu. Ijumaa ilikuwa kesho.

Alfajiri dada alikwenda Vingunguti kuchukua utumbo kama kawaida yake. Tulimngoja. Supu ilichelewa, wateja wakanung'unika, nikawapoza kwa chapati na hadithi za Kurasini. Aliporudi akashusha ndoo, akafungua kanga kiunoni, akaifunga upya.

"Ni yule mwanamke wa mhuri?" akamuuliza binti yake. "Mwenye miwani?"

"Ndiye."

"Mbona hukusema? Yule mie namjua miaka. Akisema hii haitoki, haitoki. Nimeona wanaume wazima wanambembeleza pale, yeye anageukia mzoga mwingine." Akakaa kwenye benchi. "Leo nimemsubiri mpaka akamaliza, nikamuuliza. Kama ana watoto. Anao. Kama mumewe anaona aibu. Kasema mumewe ndiye anayemfulia koti. Nikamuuliza kama bado anakula nyama, kwa yale anayoyaona."

"Akasemaje?"

"Anakula. Maini." Dada akatikisa kichwa. "Kasema kuna mtoto alikuja jana, kashika tezi akaifahamu bila kuambiwa. Hakujua ni wa kwangu."

Wateja walikuwa wanasikiliza bila kujificha. Mzee mmoja mshona viatu akasema, "Basi kumbe supu yetu itakuwa na daktari wake."

"Kunywa," dada akamwambia. Halafu akamwambia binti yake avae viatu.

Walikwenda steshenari wote wawili. Mimi nikaachiwa sufuria. Nilisikia baadaye kwamba jamaa wa kompyuta alianza kuandika udaktari wa binadamu kwa mazoea, na dada akasimama nyuma ya kiti chake na kumwambia, "Mwanangu, futa. Muulize mwenyewe." Akaulizwa. Namba moja ikaandikwa alivyotaka, na zile nyingine zikafuata kama walivyoshauriana njiani. Mfumo siku hiyo haukuganda.

Majibu yalipotoka na muda wa kuripoti ulipofika, dada alitusindikiza mpaka Mbezi Luis, kwenye mabasi ya mikoani. Alimfungia mtoto chapati nyingi kuliko nguo. Mimi nilipewa kazi ya kumfikisha, na dada akasema nirudi kesho yake. Nikasema sawa. Sote tulijua sitarudi kesho.

Morogoro tulifika mchana, Uluguru imevaa mawingu kichwani. Vyumba vya chuo vilikuwa vimejaa, kwa hiyo tukaingia mitaani, nyumba kwa nyumba, begi begani na godoro la kukunja kichwani kwangu. Huku chumba kimepangishwa, kule wanataka wavulana tu. Mpwa wangu alianza kuburuta miguu. Mimi nilikuwa na raha zangu. Mji ambao sijaujua hunipa nguvu.

Kwenye nyumba moja ya bati jekundu, mwenye nyumba, bibi mmoja mnene aliyekuwa anachambua mchicha, akatuambia chumba kipo lakini kipo nyuma, dirisha linaangalia banda la mbuzi.

"Harufu haitamsumbua mjukuu wangu?"

"Bibi," nikasema, "mama yake anauza supu ya utumbo."

"Unasomea nini?" akamuuliza.

"Udaktari wa mifugo. Lakini bado sijaanza, bibi. Ndiyo kwanza nimefika."

Bibi alishaacha mchicha. "Yule mweupe pale anachechemea tangu juzi. Hebu mwone, Dokta."

Mpwa wangu akanigeukia. Nikadhani atakasirika, au atacheka. Akaweka begi chini, akaingia bandani na viatu vyake vipya, akachuchumaa na kuunyanyua ule mguu taratibu.

"Sijui ni nini," akasema bila kuinua kichwa. "Ngoja kwanza niangalie."

Bibi akanipa ufunguo wa chumba, akasema na mimi naweza kulala stoo kwa leo. Nikaingiza godoro ndani.