Bondia Bora wa Mwaka Aliyeniomba Nimfute

Mtu aliyekuja kunigongea mlango asubuhi ile alikuwa na uwezo wa kunimaliza kwa ngumi moja. Na ndani nilikuwa peke yangu.

Naitwa Noreen Padgett. Nakaa Rotherham, nauza mikate, na kila Desemba naandika mtandaoni orodha ya mabondia kumi bora wa Uingereza wa mwaka.

Nilianza kama utani. Siku hizi hadi mapromota wanaisoma.

Mwaka ule nambari moja nilimpa Corey Stainthorpe, kijana wa hapa hapa kwetu. Kipenzi cha watu wa London nikamweka wa pili.

Nikachafua hali ya hewa.

Mashabiki walinichana vibaya. Eti nabeba wa nyumbani. Eti mwanamke anajua nini kuhusu ngumi. Hayo nimeyazoea.

Lakini siku mbili baada ya Krismasi mtu akaweka mtandaoni picha ya mlango wangu, namba ya nyumba inasomeka kabisa. Chini kaandika: "Tunakuja kukusahihishia."

Nikapiga komeo.

Saa nne hivi asubuhi, mlango ukagongwa.

Nikachungulia pembeni ya pazia. Pande la mtu, kofia ya koti imemfunika uso. Nikashika simu niite polisi.

"Mama, ni mimi Corey. Nifungulie kabla sijaonekana."

Nikafungua, nikidhani kaja kushukuru. Wapi. Komeo akalirudisha mwenyewe, akavuta mapazia, akasimama kati yangu na mlango.

"Nitoe kwenye orodha yako. Leo hii."

"Nikutoe kwa nini?"

"Niweke wa kumi. Au nifute kabisa."

Nikawaza katumwa, au akili zimeruka. Ili kumtuliza nikamsogezea kikombe cha chai.

Akanyoosha mkono, akashika hewa. Mara ya pili akakigonga, chai ikamwagika meza nzima.

Hakuwa amekiona.

"Jicho la kulia?" nikauliza.

Akakaa chini, akaanza kulia.

Akanieleza kwamba tangu kiangazi kivuli kilikuwa kinashuka juu ya jicho lile, kidogo kidogo. Kwenye vipimo vya macho alikuwa amekariri herufi za ubao, akazitaja kama shairi. Alitaka apotee ulingoni taratibu, asahaulike. Halafu orodha yangu ikatoka, na siku hiyo hiyo promota wake akamsainia pambano la mkanda wa ubingwa na yule wa London. Februari, raundi kumi na mbili.

Kocha wake ni baba yake, Dougie. Alipoiona orodha alimkumbatia mwanawe kwa mara ya kwanza tangu utotoni.

"Naogopa kupofuka," Corey akasema. "Lakini kumwambia baba naogopa zaidi."

Kumfuta ilikuwa kubonyeza mara moja tu. Nusura nibonyeze, aondoke, nami nipumue. Lakini pambano lilishasainiwa. Nikamwambia kufuta jina hakuponyi jicho. Tukaenda wote kwa baba yake.

Dougie ni mtu wa maneno machache na mkono mwepesi. Tulimkuta ukumbini kwake anakaza kamba za ulingo. Corey alibaki mlangoni, ikabidi niseme mimi.

Dougie hakuinua macho.

"Najua," akasema. "Tangu Agosti. Ngumi zinazotoka kulia hazioni. Nikajiambia, nisiposema haitakuwa kweli."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli. Picha ya mlango haikuwa kitu. Huyu baba alikuwa anajua, na Februari angemwingiza ulingoni.

"Ungeniacha nipande ulingoni?" Corey akamuuliza.

Mzee akachukua funguo za gari, akatupeleka hospitali.

Madaktari walikuta utando wa nyuma ya jicho umebanduka. Waliokoa nusu ya uoni. Ngumi mbili tatu upande ule, walisema, zingemmalizia jicho lote. Masumbwi yakaishia hapo. Corey alihamia kwa dada yake, na hadi Pasaka hakumsemesha baba yake.

Wale wa kunisahihisha hawakutokea.

Nilichojifunza ni hiki: siri inayowatisha watu wa nyumba moja, mara nyingi kila mmoja wao anaijua tayari. Kinachokosekana ni mtu mmoja wa kuitamka. Kama kwenu ipo, itamke leo, hata sauti ikitetemeka.