Mkono wa Bibi Ama

Katika mtaa wa wachonga miungu, karibu na Bandari ya Ndani ya Makau, Fundi Sou Tak-seng alijulikana kwa mambo mawili: patasi yake haikuteleza, na ulimi wake haukuwa na adabu. Mkewe Lai-ngo ndiye aliyewapa wateja chai na kuwaomba radhi. Mume alichonga, mke akapaka rangi na kubandika dhahabu. Gogo moja la mkafuri liliweza kumtoa mungu wa mali kwa mwenye duka na Antoni Mtakatifu kwa bibi wa Kireno, na fundi aliwatukana wote wawili sawasawa wakati wa kuwachonga.

Asubuhi moja ililetwa sanamu ya Bibi Ama, mungu mwenye bahari, kutoka hekalu dogo la wavuvi. Mchwa walikuwa wamemla mkono wa kulia. Sasa, sanamu ya zamani haiguswi na chuma hivi hivi. Kwanza huja kuhani, huwasha udi, humwomba mungu mwenyewe atoke mle ndani akapumzike, kisha macho hufunikwa kwa karatasi nyekundu. Hapo ndipo fundi hukata. Kumkata akiwa bado yumo ni kumkata mzima, na hilo hata mlevi wa mtaa ule alilijua.

Sou alipomaliza uji wake akashuka kiwandani, akaikuta karatasi nyekundu machoni pa Bibi.

“Loo, kuhani wa leo kawahi,” akasema peke yake.

Kuuliza ilikuwa kazi ya mke, na mke alikuwa ametoka kumwaga magamba ya samaki. Basi akashika msumeno, akaukata ule mkono kwenye kifundo.

Mchana ule ule Lai-ngo aliangusha brashi. Akainama kuiokota, mkono ukakataa. Mkono wa kulia! Mdomo ukapinda, akaanguka kati ya vumbi la mbao. Hospitalini wakasema ni kiharusi.

Kesho yake akaja mtunza hekalu, ambaye mtaa mzima ulimwita Dada wa Tatu.

“Fundi, kuhani atafika kesho. Nimeangalia kalenda, siku njema hiyo.”

“Aje kufanya nini?”

“Kumtoa Bibi, ati! Au umeanza kulewa asubuhi?”

“Si kashatolewa? Na ile karatasi je?”

“Karatasi gani? Mimi nimemleta macho wazi, njia nzima anatazama magari.” Kisha akakiona kiganja juu ya meza. “Mama wee! Tak-seng, umemfanya nini Bibi?”

Damu ikamkauka Sou. Tangu saa ile hakula wala hakumtukana mtu. Alichonga mkono mpya, mzuri kuliko wote aliowahi kuchonga, akauunga mahali pake. Kuhani akaja, akasoma, akaomba msamaha. Sou akarusha vibao viwili vya kumwulizia mungu. Kimoja kikilala na kingine kikitazama juu, Bibi amekubali. Vyote vikalala kifudifudi. Akarusha tena, vikalala. Akarusha mpaka kuhani akamshika mkono.

“Chukua wangu!” akalia mbele ya sanamu. “Aliyeshika msumeno ni mimi! Yeye kakukosea nini?”

Na Lai-ngo alizidi kuzama. Hata maji hayakupita kooni sawasawa. Sou, asiye na pa kushika, akaenda mpaka kanisani, akamwashia mshumaa Antoni, ambaye nyumbani kwao hakuabudiwa. Mtakatifu akamtazama tu, na yawezekana aliyakumbuka yale matusi.

Mwisho akaona heri aseme. Akakaa kando ya kitanda, akamweleza mkewe yote, kichwa chini kama mtoto aliyevunja chungu.

Lai-ngo alisikiliza. Maneno yakamtoka nusu nusu.

“Karatasi… mimi.”

“Wewe nini, Ngo?”

“Nilibandika mimi. Nilikuwa napara samaki… Bibi ananitazama. Samaki wake. Nikaona haya… nikamfunika.” Chozi likashuka upande ule mzima. “Nimejikata mwenyewe, mzee.”

Kumbe siku zote alilala na jambo hilo kifuani, peke yake, ndani ya mwili usiogeuka. Sou alihisi moyo unapasuka. Akatafuta la kumwambia, akakuta lipo moja tu, lile ambalo hakuna mchonga miungu aliyepata kulitamka.

“Ni mti tu, Ngo,” akasema kwa sauti. “Unanisikia? Hakuna mtu mle ndani. Mti mtupu! Hajakufanya kitu, na wewe hujafanya—”

Macho ya Lai-ngo yakamtoka kwa hofu. Akajikokota, akauinua mkono wake wa kushoto, ule uliobaki, akamziba mumewe mdomo kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

“Nyamaza,” akanong’ona. “Atakusikia. Akikuchukua na wewe, mimi nitabaki na nani?”